Msiba Tuliomficha Mama

Mdogo wetu wa mwisho alifia Maskati, akazikwa huko huko, na mama yetu aliyekuwa nyumbani, mtaa wa Malindi, mgonjwa wa moyo, hakuambiwa. Mimi ndiye niliyetoa hoja asiambiwe. Naliandika hili mapema ili pasitokee wa kunitafutia visingizio.

Tulikutana nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, mtaa wa Amani, alasiri ya siku ile ile habari ilipofika. Daktari alikuwa keshatuonya kuwa mshtuko unaweza kumuondoa mama. Kaka akasema, "Mama ataambiwa. Ni mwanawe." Kaka ni seremala, na mimi nilikuwa nasomesha falsafa ya maadili chuoni, basi nikamsomesha na yeye. Nikamwambia jema ni lile linalowaletea watu wengi nafuu kubwa zaidi. Mama akijua tutakuwa na misiba miwili, asipojua ni mmoja. Nani ataumia? Maiti keshaondoka, hana lake tena. Kaka akasema, "Nyinyi ndio mliosoma." Akakubali, maana na yeye alikuwa anaogopa.

Darasani nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kuwa nadharia hii ina wapinzani wake. Wako wanaoshikilia wajibu, wanaosema uongo ni uongo hata ukiutia sukari. Wako wanaoshikilia haki, wanaosema kila mtu ana chake kisichopigiwa kura. Nilizieleza vizuri sana, na maksi nikatoa. Siku ile zote zilinitoka. La, nisijidanganye: nilizisukuma pembeni kwa sababu sikutaka kuwa mimi wa kumwambia mama.

Hitma ya kumuombea marehemu tukaisoma Amani, kwa kaka. Mtaa mzima wa mama ukaombwa ufunge mdomo, ukafunga. Majirani waliolia kwetu walipanda ngazi kwa mama wakiwa wakavu wa uso, wakala naye mkate wa kumimina, wakamuuliza hali. Wema wao ule unanitia haya mpaka leo.

Mama alipouliza mbona mwanawe hapigi simu, tukasema kazi imembana. Akauliza tena na tena, hata mwaka ukapita. Hapo ndipo nilipokosea kosa kubwa. Kwenye simu yangu zilikuwamo sauti za marehemu, alizokuwa akinitumia nimpelekee mama. Nikachagua moja ya zamani, nikamfungulia. "Mama, shikamoo. Mie mzima. Ramadhani hii inshallah nnakuja, nataka nifuturu kwako." Mama akaielekea simu, akaitikia, "Marahaba, baba," akacheka peke yake. Nikajiona hodari. Ramadhani iliyosemwa mle ilikuwa imepita zamani, lakini mama aliifahamu kuwa ni hii inayokuja.

Mwezi mosi Ramadhani akamtengea sahani ya futari. Tambi alizipika mwenyewe, hataki kusaidiwa. Sahani ile ikawekwa kila magharibi, ikaondolewa vile vile ilivyo. Kufika kumi la mwisho akaacha kuiweka. Idi pili nimekaa naye karibu na dirisha, akaniambia kwa sauti yake ya siku zote: "Mwambie mwanangu asijisumbue tena. Simpi radhi yangu."

Kwetu, mtu aliyekosa radhi ya mama hana pa kushika, si duniani si kaburini. Mwaka na nusu mama alimuombea mwanawe safari ya salama, wala si rehema ya maiti, na sasa hata hiyo dua anamnyima, kwa uongo wangu. Nilikuwa nimemtoa kwenye hesabu kwa kuwa amekufa, na yeye ndiye niliyemdhulumu kuliko wote.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, tangu kikao cha Amani.

Hakuanguka. Alivuta ushungi usoni. Kisha akauliza ni siku gani, na nani aliyemuosha. Siku niliijua. Aliyemuosha sikumjua, sikuwahi hata kuuliza. Mama akanyanyua mikono akamuombea mwanawe, akilitaja jina lake kila mara, akasema anampa radhi zake zote, za mimba na za maziwa, na maneno yale aliyotamka ameyafuta. Nikapiga magoti, nikamshika miguu. Nililia sana. "Mama, na sisi je?"

Akaniangalia bila ya hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nyinyi nipeni muda," akasema. "Saa hizi nna msiba."

Tukampa muda. Kaka alimwendea asubuhi, mimi jioni, akatujibu salamu, akatuuliza watoto, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Siku ya tisa alifariki, hajatwambia neno la radhi.