Shubiri Mlangoni kwa Damari

Damari alikuwa mtu wa kukagua. Sukari aliionja kabla ya kuinunua, na jirani akimletea mlenda, aliupekua jani kwa jani kabla haujaingia chunguni. Miaka ile ya ruksa, maduka ya Itigi yalipojaa vitu ambavyo zamani hata foleni haikukupatia, macho yake yalizidi kuwa makali.

Kwa hiyo mwanawe Kefa, kibarua wa reli, alipomwoa Emiliana, binti wa Kinyaturu kutoka Issuna, mama naye alimkagua. Kila asubuhi binti alipiga magoti, "Shikamoo mama," akafagia, akachota maji. Hapo hapakuwa na neno. Lakini alikuja na sufuria kuukuu iliyotoboka, ndani yake mmea wa shubiri, akaiweka kando ya mlango.

"Hiyo ya nini?" Damari aliuliza.

"Dawa, mama. Kwetu mtu akiungua tunampaka. Siku hizi watu wa mjini wanaiita alovera."

"Hapa shubiri tunawawekea kuku kwenye maji, kideri kikiingia. Au mwanamke anajipaka kwenye titi kumwachisha mtoto. Sasa mimi ni kuku, au ni mtoto?"

Emiliana alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Damari alikwisha kumwona akikata jani huku akisema peke yake Kinyaturu, lugha ambayo yeye, Mgogo, hakuijua. Tangu hapo akawa hagusi uji uliopikwa na mkwewe. Alisema tumbo limejaa.

Asubuhi moja walikuwa wakikaanga maandazi ya kuuza stesheni. Figa likateleza, karai likainama, mafuta yakammwagikia Damari mkononi. Emiliana akalivuta karai upande wake, akammiminia mama mkwe maji, kisha akakimbilia mlangoni na kurudi na jani la shubiri lililomenywa.

"Usiniguse!" Damari alipiga kelele. "Dawa umeiweka tayari mlangoni. Ulijuaje kwamba nitaungua?"

Emiliana alisimama na jani lake. Halafu akaingia nalo ndani.

Siku iliyofuata, mmachinga aliyeshuka na treni alimuuzia Damari kopo la mafuta yenye harufu ya maua. Maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma. Yule mwonja sukari alijipaka bila kuuliza swali hata moja. Malengelenge yakapasuka, mkono ukavimba, ukaanza kunuka. Damari hakulishuku kopo. Alimshuku Emiliana, ambaye siku hizo alikuwa akiburuta mguu kama mtu aliyenuna.

Akaamua kumfumania. Alfajiri alijibanza nyuma ya banda la kuku. Emiliana akatoka, akakata jani, akaliinamisha mpaka maji yake ya njano yakachuruzika yote, akaliosha, akalimenya. Kisha akakaa juu ya kinu na kupandisha khanga. Kutoka goti hadi kifundoni mguu ulikuwa umebabuka, na ngozi changa ikianza kufunga pembeni.

Damari akajitokeza. "Umeungua lini?"

"Siku ile ile, mama. Nilipolivuta karai."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungesema nimejiunguza makusudi ili nikudanganye."

Damari alijua ndivyo ambavyo angesema. Akakaa chini palepale penye mavi ya kuku, akaufungua mkono wake. "Basi nipake na mimi."

Emiliana alichungulia kidonda, akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hiki kimeingia usaha, shubiri haikiwezi. Twende zahanati."

"Ahaa! Sasa unaninyima?"

"Twende, mama."

Walikwenda, mmoja akichechemea, mwingine akiwa amebeba mkono wake kama mtoto mchanga. Njiani Damari alimuuliza huwa anauambia nini ule mmea.

"Namsimulia mama yangu habari za huku. Aliuchimba yeye kabla hajafariki."

Wakafika zahanati. Nesi alikisafisha kidonda, akampiga sindano, na kumgombeza kwa lile kopo. Kilipona polepole, na kidole kimoja hakikunyooka tena. Ngozi ilipofunga na kuanza kuwasha, Damari aliikubali shubiri kwa sharti moja: Emiliana ajipake kwanza mbele ya macho yake. Emiliana alijipaka, wala hakununa.

Baadaye wanawake wa stesheni walioungua kidogo kwa chai au uji walianza kuja kuomba jani. Damari aliwapokea yeye mwenyewe, akawakalisha na kuwahoji: umeunguaje, nani alikuwa jikoni, umeshapaka nini? Mwenye kidonda kikubwa alimfukuzia zahanati. Akishajiridhisha, ndipo alipoita kuelekea ndani, "Mwanangu, njoo umkatie huyu."