Ndege Aliowazika Mzee Funika

Mtaani kwetu mjomba wangu aliitwa Mzee Funika, jina alilopewa na watu wasio na adabu, mimi nikiwemo. Akikuta panya amepondwa na pikipiki, ataweka kikapu chini, atafute kipande cha boksi, amfunike. Mende akipigwa kandambili sebuleni, mjomba hashiki chakula mpaka yule mende atolewe. "Na huyu mume wangu," mkewe alizoea kusema, "nikijilaza mchana naacha jicho moja wazi, nisije nikaamka nimeshafunikwa."

Tulicheka sana. Lakini chanzo tulikijua, na kicheko chetu hakikuwahi kufika huko. Binti yao wa pekee aligongwa na lori akienda shule. Mjomba alipofika, mtoto ameshakata roho. Akavua shati amfunike, askari akamshika mkono: "Mzee, usiguse. Hatujapima." Wapimaji wakachelewa. Jua likapanda, watu wakaja kutazama, wakaenda kula, wakarudi, na mtoto yuko palepale kwenye lami, baba yake amesimama na shati mkononi. Tangu siku hiyo mjomba hakuweza kukipita kitu kilichokufa kikiwa wazi.

Sasa mtu wa namna hiyo, pamoja na kazi zote zilizomo duniani, akaenda kuajiriwa kulinda mlingoti.

Mlingoti wenyewe ulikuwa wa chuma, mrefu wa kuumiza shingo, umeshikiliwa na nyaya kila upande, kando ya bwawa nje ya mji. Kampuni ya umeme wa upepo iliusimika ipime kama upepo wa pale unatosha kuzungusha mitambo yake. Lakini bwawa hilo ndilo wanaloshukia korongo kila msimu wakikimbia baridi ya kwao, kwa hiyo kabla ya kibali ilibidi ijulikane kama mitambo itawaua. Akaletwa mtaalamu, dada mmoja mwembamba ambaye darubini haikumtoka shingoni. Jina lake tukalipata hapohapo: Darubini. Kila wiki alikaa kwenye kiti cha kukunja akitazama korongo wanaruka kimo gani, halafu anazunguka chini ya mlingoti ameinama, akitafuta waliogonga nyaya wakafa.

Hakupata hata unyoya.

"Leo pia hakuna kitu, mzee," alimwambia mjomba.

"Hakuna, mwanangu. Hapa mimi ndiye mlinzi," mjomba akajibu, kifua mbele.

Maana mjomba alidhani dada wa watu anakagua usafi. Nani angemweleza? Mlinzi huambiwa afungue geti na afunge geti, basi. Kwa hiyo kila alfajiri yenye ukungu, kabla mgeni hajafika, alipita na jembe lake, akawaokota walioanguka na kwenda kuwazika nyuma ya kibanda. Unampokeaje mgeni, maiti wametapakaa uwanjani?

Siku ya mkutano wa kutusomea matokeo, ukumbi wa shule ulijaa. Darubini akasimama mbele. "Kwa msimu mzima, chini ya mlingoti hatukuokota ndege hata mmoja aliyekufa." Meneja wa kampuni akaitikia kwa kichwa, amejaa fahari, utadhani korongo yeye ndiye aliyewafundisha kuruka.

Mjomba akainuka. Mkewe akamvuta shati: "Kaa chini wewe, watu wanasubiri soda!"

"Mwanangu," mjomba akasema, "walikuwepo."

"Kina nani, mzee?"

"Hao unaowasema. Ukungu ukishuka wanagonga nyaya. Mimi nilikuwa nawazika, ili ukija ukute pasafi."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. "Na msiba ulitangaza, mzee?" Meneja akauliza, watu wakacheka upya. Mimi mwenyewe, ambaye sihitaji kubembelezwa kucheka, siku ile sikuweza. Darubini alikaa taratibu, kama anayehofia kiti hakipo.

Asubuhi yake mjomba alimpeleka nyuma ya kibanda, nami nikafuata na jembe la pili. Kila ndege tuliyemfukua alikuwa amefungwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, miguu yake mirefu imekunjwa vizuri ili atoshe. Ndani ilibaki mifupa na manyoya.

"Huyu alikufa lini, baba?"

"Wakati wa ukungu."

"Ukungu upi?"

Mjomba alitazama shimo. "Mwanangu, mimi nilikuwa nazika. Sikuwa nahesabu."

Darubini akajifuta pua kwa mkono wenye udongo. "Ungewaacha tu, baba. Ungewaacha palepale nije niwaone."

"Wazi vile?" mjomba akauliza.



Ile mifupa Darubini aliibeba, akagombana na wakubwa wake mpaka sauti ikakauka. Wakamwambia mifupa ya ndege asiyejulikana alikufa lini haizuii kitu. Kibali kikatoka. Alichoambulia ni sharti moja, akaja kulisema mwenyewe sebuleni kwa mjomba: ndege atakayeuawa na mitambo aachwe alipoangukia mpaka ahesabiwe, na mtambo utakaozidi kuua utazimwa msimu wa korongo.

"Kazi ya ulinzi bado ni yako, baba, ukiitaka. Ila huruhusiwi kuwagusa."

Mkewe akatua bakuli. "Mtafutie kazi ya kufyeka majani, mwanangu. Hiyo itamuua."

Mjomba aliikoroga chai yake mpaka ikapoa. "Nisipowagusa, wanaokuja nyuma watapona?"

"Huenda."

"Huenda," mjomba akarudia, kama mtu anayeonja dawa. "Basi nitakwenda."

Mitambo ikasimikwa, na ukungu wa kwanza wa msimu wa korongo ulipoinuka, nilimpelekea koti alilosahau. Juu, mapanga ya mtambo yalizunguka polepole bila habari na mtu. Chini alilala korongo, bawa limekatika, macho wazi. Mjomba alikuwa na fimbo ya kufukuzia mbwa.

"Darubini hajafika?"

"Yuko njiani."

"Si ukae kibandani basi, jua hili litakuchoma."

Mjomba akalitazama jua. Akasogea hatua moja, akatazama chini, akasogea tena kidogo. Nikadhani miguu imemchoka, mpaka nilipoona kivuli chake kimeangukia wapi.

"Mjomba..."

"Simgusi," akasema, mikono yake ameifungia nyuma. "Mwambie akija. Simgusi hata kidogo."

Jua likapanda, naye akasogea tena.