Viti vya Ngozi Vilivyoshuka Uvira

Skai, ile ngozi ya bandia ya viti vya magari, ikipigwa na jua hutoa harufu ya plastiki iliyochanganyika na vumbi. Mwezi uliopita mpwa wangu aliniacha garini, vioo vimefungwa, akaingia kununua mkate, na harufu ile ikanijaa puani. Mapaja yakaanza kunata kwenye kiti. Nikacheka peke yangu, maana nilipokuwa na miaka tisa kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo, kukaa juu ya viti.

Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa viti vya magari pale mtaani Nyalukemba, mjini kwetu milimani, wakati wa Zaïre. Mlangoni aliweka vigoda vitatu, kimoja cha skai, kimoja cha kitambaa, kimoja cha ngozi yenyewe, na mteja hakuchagua kabla ya kukalia vyote. Skai ilipendwa na wenye teksi kwa sababu uchafu wake unapanguswa mara moja, lakini ukishuka nayo bonde la Ruzizi saa sita za mchana utajuta kuvaa nguo fupi. Kitambaa hakichomi wala hakitelezi, ila kikishakunywa mawese au maji ya ndagala, vile visamaki vya ziwani, harufu utazeeka nayo. Ngozi Papa aliitaja kwa sauti ya chini. Ujanani aliishona katika gereji ya Mbelgiji, na tangu hapo hakuna aliyemwagiza tena.

Kazi yoyote haikutoka kabla sijaikalia mimi, binti yake wa pili. Nikisema mshono unachuna, aliufumua. Mama alilalamika kwamba ananiharibu, kwamba mtoto anayekosoa kazi ya baba yake hatapata wa kumwoa. Papa alitabasamu tu, akaendelea kufumua.

Siku moja akaja Papa Mushagalusa, mfanyabiashara wa kahawa. Alikuwa na safari ya Uvira pamoja na baba zake wadogo wawili, kumposea mdogo wake mke, na alitaka gari lenye heshima. Akakalia vigoda vyote, akachagua ngozi. Papa alipiga miluzi kazini wiki nzima.

Ngozi ilitoka kwa mzee mmoja wa Kabare, nayo ilikuwa ngumu. Papa akailainisha kama alivyomwona mama yake akilainisha ngozi nyumbani kwao, kwa siagi ya ng'ombe, akiisugua kwa kiganja siku baada ya siku. Kwa Mushi, mtu wa kabila letu, hilo halina mjadala: ngozi hula siagi. Ile ilikula hadi ikawa laini kama ndewe ya sikio.

Jumapili baada ya misa akaniita. Kiti kilikuwa uani, juani, nami nilivaa gauni jeupe ambalo Mama alinikataza kabisa kuingia nalo karakana. Nikakaa, nikainuka, nikahisi unyevu nyuma. Nilipopapasa, vidole vikarudi na mafuta. Papa alikuwa amesimama mbele yangu.

“Sema kweli, mwana yangu. Iko muzuri?”

Nikaufikiria mkono wa Mama akilijua doa la gauni. “Iko muzuri, Papa.”

Hakuuliza mara ya pili. Nikaondoka kinyumenyume kama mtu anayeagana na askofu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilifika Uvira. Jua la Luvungi, kule bondeni, liliyeyusha siagi, na walipopita Sange wanaume wote watatu walikuwa wamekalia mafuta, na abakosti zao za kijivu, suti za heshima za wakati ule, zimelowa nyuma. Ukweni anayeposa husimama akisema. Wao hawakusimama. Waliongea wamekaa, wakasalimia wamekaa, hata bibi wa binti alipoingia walibaki wamekaa. Wenyeji wakafunga mazungumzo, wakawaambia warudi watakapojifunza adabu.

Papa Mushagalusa alikuja kesho yake, akasimama mlangoni bila kutusalimia.

“Bakwe banasema hatuna heshima,” alisema. “Muke wa mudogo yangu anaweza kupotea juu ya kiti yako.”

“Kosa ni yangu, Papa,” baba yangu akajibu. “Ni miye nilipakala ile siagi. Hakuna mutu mwingine.”

Nilikuwa nyuma yake, maneno yamenijaa mdomoni, na sikuyatoa. Papa alivivua viti vile, akavivika kitambaa bila kudai chochote. Kabla gari halijatoka aliniita nikakae, kama kawaida, akaniuliza, na niliona aibu hadi machozi yakanitoka. Akadhani kiti kinachuna. Safari ya pili waposaji walisimama, na mke akapatikana.

Kwa miaka mingi nililaumu gauni na woga wangu. Nilikuwa mama wa watu wazima ndipo jambo jingine likanijia. Papa alikuwa na mikono. Kiganja chake kiliteleza kwa siagi wiki nzima, alijua inavyofanya ikipigwa na jua. Lakini aliitamani ngozi ile mno, naye hakuyaamini macho yake mwenyewe, kwani kinyozi hajinyoi. Katika mji ambao kila aliyeulizwa na mkubwa alijibu ndiyo, alikuwa amelea mtu mmoja nyumbani mwake wa kumwambia hapana. Jumapili ile ndiyo siku pekee aliyonihitaji kweli, nami nikamjibu kama wengine wote.