Tawi Jeupe Kwenye Kopo

Msusi mmoja alikuwa na vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mteja aliyeingia saluni kwake alitoka na misuko pamoja na habari za mtaa mzima. Kaka yake alikuwa dereva wa malori, mara yupo mara hayupo, kwa hiyo binti yake wa miaka sita alishinda hapo saluni kwa shangazi kila akitoka shule.

Mtoto alikohoa miezi mitatu. Dawa za pumu hazikufua dafu. Mchana mmoja, shangazi akiwa amemsuka mwalimu mmoja nusu kichwa, mtoto alishikwa na kikohozi mpaka midomo ikaiva kama zambarau. Akakohoa tena, akatema kitu kiganjani, pumzi ikarudi. Kilikuwa cheupe, kinavutika kama mpira, kina shina na matawi membamba.

"Kitupe huko," mwalimu alisema, ameziba pua.

"Situpi. Mtu akija na nywele zilizokatika, naziangalia kwanza ndipo najua zimepatwa na nini."

Akaosha kopo la mafuta ya nywele, akakitia humo na maji safi. Mwalimu alibaki na nusu kichwa chake, shangazi na mtoto wakashika njia ya hospitali.

Daktari alikimimina kwenye sahani, matawi yakatanuka. Akawaita wenzake waje waone.

"Ugonjwa huu ni adimu," alisema. "Makohozi yanaganda ndani ya njia za hewa, yanachukua umbo la njia hizo na kuziba pafu. Nimeusoma tu, sijawahi kuuona. Nani alikuambia ukilete?"

"Hakuna. Mimi msusi."

Wakaingiza kamera nyembamba kifuani, wakatoa vipande vilivyobaki. Mtoto akapewa dawa ya kuvuta, na shangazi akafundishwa kumpigapiga mgongoni ili makohozi yalegee, kiganja kimekunjwa kama kikombe. Alishika somo siku hiyohiyo.

Tangu hapo ugonjwa umerudi mara mbili, lakini kidogo, nao wanaudaka mapema. Kila alasiri mtoto hulala kifudifudi juu ya mito, huimba huku akipigwapigwa, na sauti yake hutetemeka hadi wateja wanacheka.

Juzi baba alirudi safari, akaomba naye ajaribu.

"Polepole, baba," mtoto alimwambia. "Huo ni mgongo, siyo tairi."