Wazee Wanne wa Ukutani

Kaka yangu alining'oa jino kwa ajili ya watu wanne waliokufa zamani, ambao hata majina yao hakuwa akiyajua. Nasema hivyo mapema ili ieleweke kwamba sina nia ya kumsitiri.

Watu hao walikuwa picha kwenye ukuta wa majlisi, sebule yetu ya wageni huku Bawshar. Mimi ndiye niliyezitundika: wanamuziki weusi wa Marekani na Ulaya, wale wa mwanzo mwanzo. Mpiga tarumbeta wa jazi, mashavu yamemvimba. Bibi wa bluzi aliyeimba kwenye mahema bila ya kipaza sauti, na waliokaa nyuma kabisa wakamsikia. Mwanamke aliyetunga simfonia katika nchi ambayo viti vya mbele havikuwa vya watu wa rangi yake. Na mpiga fidla wa enzi za wafalme, koti lake limejaa vifungo, anatutazama kama tuliomchelewesha. Watu wa namna hiyo waliingizwa hotelini kwa mlango wa jikoni. Walipigiwa makofi ukumbini, kisha wakapigwa marungu barabarani, na kesho yake wakapiga muziki bora kuliko wa jana. Nawapenda kwa ubishi wao huo. Muziki wao si wa kulalia, ukiusikiliza vizuri una ngumi ndani yake.

Msikilizaji wangu wa Alhamisi alikuwa binti wa kaka yangu, aliyekuwa akisoma chuo kikuu Al Khoudh. Wengine nyumbani hukimbia nikitoa santuri, yeye hukaa chini kwenye zulia na kuniambia nirudie. Rangi yake ni ya bibi yetu mzaa mama, mwanamke wa Unguja, mweusi tititi, aliyepiga ngoma maharusini mpaka uzeeni. Bibi huyo hana picha nyumbani mwetu wala hatajwi mbele ya wageni. Tukiulizwa asili, tunaanzia kwa babu mzaa baba na tunaishia hapo hapo.

Binti alimpenda kijana aliyesoma naye, na kijana akawaleta wazee wake kutoka Al Amerat kuja kuposa. Nao ni Waarabu waliorudi kutoka Unguja kama sisi. Binti alimtaka kwa moyo wake wote, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kukubaliwa au kukataliwa. Kaka aliniambia niziteremshe picha kabla wageni hawajafika. Nikasahau kwa makusudi.

Sasa, majlisi ya watu wetu haitundikwi picha ovyo. Kuna aya, kuna jambia la marehemu, na kuna wazee wa ukoo waliotangulia. Mgeni akiona sura ukutani anajua anatazama nasaba. Kwa hiyo baba wa kijana alipopokea kikombe cha kahawa na kuinua macho, mkono wake ulisita. Aliwatazama weusi wale mmoja mmoja, kisha akamtazama kaka.

“Hawa ndo wazee wenu?”

Kaka akacheka mbio mbio. “Haasha, sheikh wangu. Hao wapiga ngoma wa Marekani tu. Mambo ya huyu mdogo wangu, kichwa chake hakijatulia.”

“Alhamdulillah,” akasema mzee. “Nilikuwa nishaanza kutafuta makubadhi yangu.”

Majlisi nzima ikaangua kicheko, wajomba, washenga, na kijana mwenyewe. Wanawake walikuwa nyuma ya mlango wa ndani, na nilijua binti yuko hapo anasikiliza. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakavuma.

“Hao si wetu, tungekuwa na bahati gani,” nikasema. “Wetu ni bibi yetu. Mweusi kuliko wote hawa, na ngoma alipiga. Mwambie, kaka. Mkataa kwao mtumwa.”

Methali hiyo watu huitaja kila siku kwa utani. Mbele ya wageni wale, kwa bibi ambaye mama yake aliuzwa sokoni, haikuwa utani, na mimi nilitaka imchome kaka.

Ngumi yake ilinikuta mdomoni nikiwa bado nimekaa. Nikalikuta jino juu ya ulimi kabla ya maumivu kufika. Nikamrukia. Tulikuwa wazee wenye mvi tunaogaragara kwenye zulia la marehemu baba yetu, tunang'atana. Nilimpiga kichwa cha pua, damu ikatapakaa kwenye kanzu yake mpya. Dele la kahawa likapinduka na kumuunguza mgeni mguu. Kaka akajinasua, akaziendea picha, akaziangusha na kuzikanyaga, kisha akachukua santuri zangu na kuzivunjia gotini.

“Mwanangu,” alikuwa akisema. “Unamharibia mwanangu.”

Alikuwa analia. Sikumhurumia hata kidogo, nikampiga teke la mbavu.

Hapo mlango wa ndani ukafunguliwa. Binti akaingia kwenye majlisi ya wanaume, jambo lisilofanywa kwetu, akakanyaga vioo vya picha kwa miguu mitupu. Hakututazama sisi. Alisimama mbele ya kijana aliyekuwa amejibana ukutani.

“Habari za bibi nilikuhadithia tangu tulipojuana,” akamwambia. “Ukanambia hazikushughulishi.”

Kijana akajibu kwa sauti ndogo kwamba mpaka leo hazimshughulishi.

“Nilikuwa mlangoni. Nnakijua kicheko chako.”

Baba wa kijana alipoelewa kwamba mwanawe alijua siku zote, alimzaba kofi lililomgeuza uso. Kisha akawaamuru watu wake wanyanyuke, na gari zao zikaondoka.

Nilidhani binti atakuja kwangu. Akaenda kupiga magoti kwa baba yake, akamfuta damu puani kwa ncha ya ushungi wake. Miguu yake ilikuwa inachuruzika na hakuijali. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemtetea.

“Ulizitetea picha, ami,” akasema bila ya kugeuka. “Mimi nilikuwa nnampenda. Hata sasa nnampenda.”

Nikameza damu, nikaanza kuokota vioo.