Herufi Zenye Mikia

Binti yangu Kokuhirwa alikuwa wa kwanza kijijini kwetu, huku Muleba, kwenda Chuo Kikuu. Mwaka wa 1973 mwalimu wake wa isimu aliwatuma wanafunzi vijijini wakati wa likizo, wasikilize lugha na kuandika sauti zake kama zinavyotoka mdomoni. Kokuhirwa alikuja na mwenzake Shaban, kijana wa Kilwa asiyejua Kihaya. Nilimlaza kwa shemeji yangu. Hata hivyo niliwachunga.

Walizunguka migombani wakiuliza watu majina ya vitu. Mapigano ya mpakani yalikuwa yamepita mwaka mmoja tu, na mgeni mwenye daftari alitiliwa shaka. Siku ya sita balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Kaijage, alifika na mgambo wawili. Akafungua daftari la binti yangu. Herufi nyingine zilikuwa zimepinduliwa, nyingine zina mikia.

"Haya ni maandishi ya nchi gani?"

"Ni sauti, tata," alisema Kokuhirwa, amepiga magoti, akimwita baba kwa Kihaya. "Kila alama ina sauti yake, hata ya kupanda na kushuka. Anayezijua husoma hata lugha asiyoielewa."

"Na huyu wa pwani anazijua?"

"Anazijua."

"Basi atasoma. Akishindwa, wote wawili polisi. Chuo mtakisikia redioni."

Shaban akapelekwa nyuma ya jiko asisikie, mgambo mmoja akimlinda. Kaijage akasimama, akatamka majigambo ya baba yake, yale ambayo mwanamume wa Kihaya hujitungia mwenyewe. Mimi, jirani wa miaka ishirini, sikuwahi kuyasikia. Aliyatamka haraka kwa makusudi. Kokuhirwa akaandika, akafuta, akaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka.

Shaban akaitwa. Alisoma polepole, akasita kwenye tundu.

"Mswahili kakwama," mgambo akacheka.

Shaban akarudi mwanzo wa mstari. Akapandisha sauti, akaishusha, mpaka mwisho.

Kaijage akamwambia arudie. Aliporudia, mzee aliketi juu ya majani, kichwa ameinamisha.

"Amekosea?" niliuliza.

"Hapana, mama Koku. Ameshusha sauti palepale aliposhusha marehemu."

Akawaambia mgambo waende zao, kisha akamrudishia binti yangu daftari.

"Yapo mengine, marefu. Wanangu wako Mwanza, hawayajui. Andika yote kabla hujaondoka."

Nikaenda kumenya ndizi za watu wanne, Kaijage akiwemo.