Mlipuko wa Tano

Primitivo Choque alikuwa mwoga, na hakuona haya kulisema. Wachimbaji wa Potosí, kule Bolivia, wanaojisifu kwamba hawauogopi mlima ni waongo, au wamefika jana. Yeye alitoboa miamba miaka mingi huku akiogopa, na kila jioni akatoka mzima, mpaka madini ya kikundi chake yakaisha na kila mtu akashika njia yake.

Ndipo Bwana Zacarías, mkuu wa kikundi kingine, alipomtumia salamu kupitia kwa Wilber, shemeji yake Primitivo aliyekuwa akifanya kazi katika kikundi hicho: njoo uwe mtoboaji wetu, fungu lako litakuwa nono.

"Shemeji, hapa usilaze damu," Wilber alimhimiza. "Watu wanapigana vikumbo kuitaka nafasi hiyo."

Primitivo hakukataa wala hakukubali. Katika mlima ule, mtu hatoi neno lake kabla hajashinda Ijumaa moja na kikundi, akatafuna nao majani ya koka ya kuondoa uchovu, akaketi nao mbele ya Mjomba, sanamu ya udongo ya yule shetani mwenye pembe ambaye madini yote ya chini ni mali yake. Habari za fungu utaambiwa na yeyote. Watu ambao huenda ukazikwa nao, hao lazima ukawaone mwenyewe.

Ijumaa asubuhi alikaa nao kwenye mlango wa mgodi, kila mtu na koka yake. Katika kikundi chake cha zamani saa hiyo ilikuwa kelele tupu: huyu kaota ndoto mbaya, yule hapiti tena chini ya ile nguzo iliyopinda. Hapa kila mtu alitafuna ya kwake, macho chini. Primitivo akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Jamani, paa la huko ndani linasemaje?"

Vichwa vyote vikamgeukia Zacarías.

"Paa halina mdomo," Zacarías alijibu. Watu wakacheka, na alipoacha kucheka yeye, wakaacha wote.

Mwisho wa zamu walitega baruti kwenye matundu matano, wakawasha tambi, wakakimbilia nyuma ya kona. Hapo mchimbaji hutega sikio na kuhesabu, maana baruti isiyolipuka hubaki ndani ya mwamba ikimsubiri atakayekuja kutoboa. Kwao zamani walihesabu wote kwa sauti, na mmoja tu akisema hesabu haikutimia, hakuna aliyeugusa mwamba ule mpaka tundu bovu lipatikane, hata ikipotea zamu nzima.

Mlima ukatikisika. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kisha vumbi na kimya. Primitivo alisubiri, akazidi kusubiri.

"Tano," alisema Zacarías.

"Tano," wakaitikia wote, Wilber akiwemo.

"Samahani, mkuu." Sauti ilimtoka Primitivo nyembamba. "Mimi nimesikia nne."

Zacarías alimmulika usoni kwa taa ya kofia yake. "Mgeni ana nta masikioni. Haya, nani mwingine kasikia nne?"

Primitivo aliogopa paa, aliogopa baruti, lakini hakuwahi kuogopa kitu kama alivyowaogopa wale wanaume wazima waliokuwa wakitazama buti zao.

Walipokwisha kummwagia Mjomba pombe na kumwashia sigara, Zacarías alimshika bega. "Jumatatu utaanzia pale pale tulipolipua. Tumeelewana?"

"Mgongo wangu, mkuu. Hautaiweza kazi." Ulikuwa uongo mtupu, ila kumwambia ukweli mtu yule, ndani ya mgodi ule, hakuthubutu.

"Pole na mgongo," alisema Zacarías. "Basi atatoboa Wilber."

Wakati wa kushuka mlima Primitivo alimvuta shemeji yake mkono. "Ulisikia ngapi?"

"Shemeji, yaache hayo."

"Ngapi?"

"Mkuu si amesema tano?"

"Sijamuuliza mkuu."

Wilber aligeuka kwanza kutazama nyuma. "Nne. Wote tulisikia nne. Mwaka jana Hilarión alibisha hivyo hivyo. Alifukuzwa pale pale, na hakuna kikundi kilichomtaka tena."

Nyumbani Rosenda, dada yake Primitivo na mke wa Wilber, aliwapakulia supu ya mahindi, jiwe la moto likiichemsha bakulini kama ilivyo desturi ya huko. "Haya, kaka, umewaonaje wenzake mume wangu?"

Wilber alimkanyaga mguu chini ya meza. Primitivo akainamisha macho kwenye supu, kisha akajishtukia: alikuwa ameinama vile vile kama wale wa mgodini. Akainua uso.

"Wametega tano, zimelia nne. Jumatatu mumeo ndiye anatoboa pale."

Rosenda alikuwa binti wa mchimbaji, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliweka upawa chini. "Kweli, Wilber?"

"Mkuu amesema..."

"Nakuuliza wewe, baba watoto. Zimelia ngapi?"

Wilber alimtazama mkewe, akamtazama shemeji yake.

"Tano," alisema.